Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, takriban 1880 – Unguja, 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Mara nyingi hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilirekodiwa katika santuri za biashara. Yeye na wenzake ndio hasa walioitoa taarab katika kumbi za wakubwa, ambako iliimbwa kwa Kiarabu, wakaiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa kila tabaka.

Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, upande wa Tabora, na mama yake alikuwa Mzigua. Kwa hiyo maisha yake ni sehemu ya historia ya Unguja na pia ya njia ya zamani ya misafara iliyounganisha pwani na bara la magharibi.

Jina

Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Halikuwa jina la ajabu kwa wakati ule, kwa kuwa watoto wengi wa familia za watumwa waliitwa majina yaliyoonyesha hali yao, siku waliyozaliwa au matarajio ya bwana zao. Jina Siti alilipata ukubwani, alipokwisha kuwa mwimbaji. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni bibi au mwanamke wa heshima. "Binti Saad" ni kumtaja kwa jina la baba yake, kama ilivyo desturi ya pwani.

Mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa akafa akiitwa Siti ni mfano wa mabadiliko yaliyowapata watu wengi wa Unguja katika miaka ile. Baada ya utumwa kufutwa, wengi waliacha majina ya zamani, wakachagua mavazi mapya na kujitafutia nasaba na heshima mpya. Tofauti ni kwamba mabadiliko ya Siti yalitokea hadharani, na wako waliompigia makofi na wako waliomcheka.

Asili: Tabora na njia ya misafara

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara katika bara la magharibi. Ilikuwa ndani ya himaya ya Unyanyembe, na wasafiri wa Ulaya waliofika huko mwaka 1857, Richard Burton na John Speke, waliijua kwa jina la Kazeh. Waarabu kutoka Unguja na Omani walijenga huko nyumba za pwani na kupanda miembe. Kutoka Tabora njia ziligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na kuvuka hadi Manyema, nyingine ilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Upande wa mashariki njia kuu iliteremka kupitia Ugogo mpaka Bagamoyo, na safari hiyo ilichukua takriban miezi mitatu kwa miguu.

Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Wengi walikuwa watu huru waliobeba pembe za ndovu kwa ujira na kurudi kwao na nguo, shanga na nyaya za shaba. Lakini njia ile ile ilipitisha pia mateka wa vita na watu waliouzwa. Waliofika pwani kwa mkondo huo walivushwa kwenda Unguja kulima karafuu na minazi, kufanya kazi za majumbani au kubeba mizigo bandarini. Hivyo Unguja ikapata wakazi wengi wenye asili ya Unyamwezi, Manyema, Uzigua, Uzaramo, Unyasa na kwingineko. Wajukuu wao walikua wakisema Kiswahili, wengi wakiwa Waislamu, huku wakikumbuka kwa jina tu nchi walikotoka wazee wao.

Wazazi wa Siti walikuwa wa kundi hilo. Wote wawili walizaliwa Unguja, ingawa asili ya baba ilikuwa Tabora na ya mama ilikuwa upande wa Tanga. Siti hakuwa mgeni wa Unguja, lakini katika jamii iliyopima utu kwa nasaba ya Uarabuni au ya Uajemi, asili ya Unyamwezi ilihesabiwa kuwa ya chini. Jambo hilo lilirudi mara nyingi katika maneno ya waliomdharau.

Utoto Fumba

Fumba ni kijiji cha rasi ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, karibu kilomita 20 kutoka mjini. Siti alipozaliwa, soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Ulifutwa kisheria mwaka 1897, Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, na hata hapo masuria hawakuhesabiwa mpaka mwaka 1909.

Familia yake iliishi kwa kilimo na ufinyanzi. Mama yake alifinyanga vyungu, na Siti akajifunza kazi hiyo: kuchimba udongo, kuuponda na kuukanda, kufinyanga, kuanika na kuchoma. Vyungu vilivyokuwa tayari alivipanga kichwani na kuvitembeza kuvinadi. Alikuwa akiimba njiani, na watu walijua kwamba mwuza vyungu anakuja kabla hawajamwona. Sauti hiyo ya kunadi bidhaa ndiyo iliyomjulisha kwa watu kwanza. Hakusoma shule. Elimu ya kusoma na kuandika haikuwafikia wasichana wa hali yake.

Kuhamia mjini

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini Zanzibar. Mji ulikuwa umegawanyika sehemu mbili kwa ghuba. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe za Waarabu, Wahindi na maofisa wa Kizungu. Upande wa pili ulikuwa Ng'ambo, wenye nyumba za udongo na makuti, na wakazi wake wengi walikuwa watu waliotoka katika utumwa, vibarua, mafundi, wavuvi na wahamiaji kutoka bara na Komoro. Siti akawa mtu wa Ng'ambo.

Wakati huo taarab ilikuwa bado muziki wa wakubwa. Kwa kawaida historia yake huanzwa na Sultani Barghash bin Said (alitawala 1870–1888), aliyeleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim huko Kairo ajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikuwa wanaume waliokutana kupiga udi na kuimba kwa Kiarabu. Wasikilizaji wengi wa Unguja hawakuelewa maneno yaliyoimbwa.

Katika mazingira hayo Siti alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa. Huyu aliisikia sauti yake, akaona kipaji, akaanza kumfundisha: kutamka Kiarabu sawasawa, kuimba kwa kufuata ala, kuvuta pumzi na kupandisha sauti. Siti hakuweza kusoma, kwa hiyo alijifunza kwa kusikia na kukariri. Kumbukumbu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliimba nyimbo ndefu za Kiarabu, na baadaye za Kihindi, bila karatasi.

Kundi lake

Siti hakufanya kazi peke yake. Wenzake wanaotajwa zaidi ni Subeti Ambar, Budda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Walipiga udi, fidla na ngoma za mkono, na waliimba kwa zamu au kwa kupokezana na Siti. Nao walikuwa watu wa Ng'ambo, si wa jumba la mfalme.

Nyimbo nyingi za kundi zilitungwa kwa ushirikiano. Mmoja alileta habari ya mtaani, mwingine akaiweka katika beti, wa tatu akatafuta mahadhi, na wote wakarekebishana. Mazoezi yalifanyika jioni nyumbani kwa Siti, na majirani walijaa kusikiliza. Wimbo uliokosewa au uliopendeza ulijulikana usiku ule ule. Kwa njia hiyo kundi lilipata habari na hukumu ya wasikilizaji kabla ya kwenda kuimba kwa malipo.

Kwa upande wa umbo, nyimbo zao zilifuata kanuni za ushairi wa Kiswahili. Nyingi zina beti za mistari mifupi yenye vina vya kati na vya mwisho, na kiitikio kinachorudiwa. Lugha yake ni ya mafumbo. Ua, ndege, chombo baharini au tunda la shambani huweza kumaanisha mpenzi, mshindani au mkubwa fulani, na msikilizaji hufurahi kufumbua mwenyewe.

Jukwaani

Kundi la Siti lilikodiwa kwa harusi, sherehe za sikukuu na dhifa za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na liliitwa pia katika jumba la Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Jambo hilo lilikuwa jipya. Mwanamke wa Ng'ambo, wa asili ya utumwa, alikaa mbele ya wakubwa wa nchi na kuimba kwa lugha ya watumishi wao.

Wakati huo taarab haikuchezwa kama dansi. Mwimbaji aliketi au kusimama kwa utulivu na wapigaji wake kando, na uzito wote ulikuwa katika sauti na maneno. Wasikilizaji walijibu kwa kutunza, yaani kuinuka na kumpa mwimbaji fedha pale ubeti ulipomgusa mtu, au pale alipotaka mwenzake aliye katika hadhira ajue kwamba ubeti ule ni wake. Siti alivaa buibui, vazi ambalo zamani lilikuwa la wanawake wa kiungwana na ambalo wanawake wa Ng'ambo walilichukua baada ya utumwa kufutwa.

Ufundi wake ulikuwa pia katika kuchagua. Mbele ya Waarabu aliweza kuimba Kiarabu, mbele ya Wahindi akatia wimbo wa Kihindi, na usiku ule ule mtaani kwake akaimba Kiswahili kitupu.

Santuri za Bombay

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri kwa meli hadi Bombay (Mumbai ya leo) kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, iliyouza santuri zake kwa chapa ya His Master's Voice. Nia ya kampuni ilikuwa kufungua soko la gramafoni Afrika Mashariki, na kwa soko hilo ilihitaji nyimbo za Kiswahili. Safari hiyo ilifuatwa na nyingine katika miaka iliyofuata.

Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba muda wa dakika tatu hivi tu. Wimbo ambao harusini uliimbwa kwa nusu saa, kwa kurudiarudia na kutunzwa, ulilazimika kukatwa. Hivyo yanayosikika leo katika santuri za Siti ni muhtasari wa sanaa yake.

Hata hivyo santuri hizo ziliuzwa kwa wingi, makumi ya maelfu ya nakala katika miaka michache. Asiyekuwa na gramafoni alizisikia katika migahawa ya kahawa au barazani kwa jirani. Meli na majahazi yalizipeleka Mombasa, Lamu, Komoro na Dar es Salaam. Barani nako njia ilikuwa wazi, maana reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilikuwa imechukua nafasi ya misafara ya wapagazi. Vituo vya reli hiyo vilifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani, na miji yake ilikuwa na wakazi wanaosema Kiswahili. Kiswahili kilichoenezwa bara na misafara kilikuwa sasa kinarudi kikiimbwa na mjukuu wa njia hiyo.

Miaka hiyo hiyo makampuni ya santuri yalikuwa yakigundua wanawake waimbaji mahali pengi duniani. Nchini Marekani, Mamie Smith, mwimbaji mweusi aliyetokea katika majukwaa ya maonyesho, alirekodi wimbo wa bluzi mwaka 1920, na mauzo yake yaliwafungulia mlango wengine kama Bessie Smith. Nchini Misri Umm Kulthum alianza kurekodi katika muongo huo huo. Siti alikuwa wa kizazi chao, ingawa alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 48 alipoingia chumba cha kurekodia.

Maudhui ya nyimbo

Nyimbo za mapenzi ni nyingi, lakini sifa ya pekee ya Siti ni nyimbo za matukio. Kundi lake liliimba juu ya makarani waliokula fedha za umma wakaishia gerezani, juu ya wanaume wanaowapiga wake zao, na juu ya mahakama zinazomhukumu maskini upesi kuliko tajiri. Ng'ambo ya miaka ya 1920 ilikuwa na mambo mengi ya kuimba. Wakazi wake walidaiwa kodi ya viwanja vilivyojengwa nyumba zao, na mwaka 1928 mgomo wa kutolipa kodi hiyo ulifikia kilele, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Kwa watu wasiosoma magazeti, wimbo ulikuwa gazeti.

Wimbo unaojulikana zaidi wa aina hiyo ni "Kijiti". Unasimulia tukio la kweli la mauaji. Mwanamume aitwaye Kijiti alimchukua mwanamke mgeni aliyekuja kutembea Unguja, akatoka naye kwenda kwenye ngoma, na mwanamke huyo akarudishwa maiti. Kijiti akakimbia kwa kuvuka bahari kwenda bara. Waliobaki mbele ya hakimu walikuwa wanawake waliofuatana na marehemu, nao walipotoa ushahidi wao, pombe waliyochukua siku ile ikawa ndiyo hatia. Mwuaji akawa huru, mashahidi wakafungwa.

Wimbo haukuishia katika kulalamika. Unamtaja mwuaji kwa jina, unataja mahali, unawataja waliofungwa, na unamwonya Kijiti kwamba huko alikokimbilia atakutana na malipo yake. Pale sheria iliposhindwa kumfikia, santuri iliweza kuvuka bahari ileile aliyoivuka. Hiyo ndiyo sababu watafiti wa historia ya wanawake wa Zanzibar huutazama wimbo huo kama ushahidi. Katika majalada ya mahakama mwanamke wa Ng'ambo huonekana kama mshitakiwa au shahidi, lakini katika wimbo yeye ndiye anayesimulia na kuhukumu.

Kejeli na majibu

Umaarufu wa Siti ulizua uadui. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa maskini, kwamba alikuwa mwuza vyungu, na kwamba hana sura wala ukoo. Katika jamii ya Unguja maneno hayo yalikuwa makali, kwa kuwa yalimrudisha kwenye jina lake la kwanza.

Siti alijibu kwa wimbo, na jibu lake halikukana asili yake. Alishikilia kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si mambo ya kujivunia kwa kuwa hayakutafutwa na mwenyewe, na kwamba aibu ya mtu ni kukosa akili na adabu. Kujibizana kwa nyimbo namna hii ni desturi ya zamani ya pwani, na baadaye kulikua kukawa mashindano ya vikundi vya taarab vya wanawake, na hatimaye mipasho ya siku hizi. Tofauti ni kwamba Siti hakushindana juu ya nguo au mume, bali juu ya nani ana haki ya kuheshimiwa.

Miaka ya mwisho na wasifu

Uzeeni Siti alibaki Unguja. Muda mfupi kabla ya kifo chake alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert (1909–1962), aliyezungumza naye na kuandika maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kitabu hicho, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichapishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa wasifu wa kwanza wa mwanamke wa Kiafrika ulioandikwa kwa Kiswahili. Kimesomwa kwa miaka mingi shuleni, na wasomaji wengi wa bara walimjua Siti kupitia kitabu kabla hawajasikia santuri yake hata moja.

Shaaban Robert alimwandika kama mfano wa maadili: mtu wa hali ya chini aliyepanda kwa bidii, subira na tabia njema. Watafiti wa baadaye waliongeza upande mwingine. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, alitumia nyimbo hizo pamoja na kumbukumbu za wazee wa Ng'ambo kuonyesha jinsi kundi la Siti lilivyosema waziwazi juu ya tabaka, mahakama na utawala wa kikoloni. Picha hizo mbili hazipingani, ila msomaji wa wasifu peke yake hukosa ukali wa nyimbo.

Urithi

Mwanafunzi wa Siti anayejulikana zaidi ni Bi Kidude (Fatuma binti Baraka, aliyefariki 2013). Alijifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti na kundi lake, akaziimba hadi uzee mkubwa katika majukwaa ya Ulaya na Asia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Kupitia kwake nyimbo za miaka ya 1920 zilifika katika karne ya 21.

Mwaka 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kilianzisha jarida lililoitwa Sauti ya Siti. Jina hilo lina maana mbili, sauti ya mwimbaji na sauti ya mwanamke yeyote. Mwaka 2020 kitukuu wake, mwimbaji Siti Muharam, alitoa albamu ya Siti of Unguja, yenye nyimbo za bibi yake katika upigaji wa kisasa.

Leo Kiswahili ndiyo lugha ya kawaida ya taarab kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam na katika miji ya bara, na si rahisi kufikiri kwamba ilikuwa vinginevyo.

Tazama pia

Taarab
Bi Kidude
Shaaban Robert
Ng'ambo (Unguja)
Tabora
Wanyamwezi